Mgeni Aliyeandikishwa

Wilmer Cabaobao alikuwa na mgeni mmoja tu kwenye orodha ya mashine, na mgeni huyo alikuwa amefariki Jumapili.

Afisa Marivel Tagle aliisoma orodha mara ya pili, kana kwamba jina jingine lingeota hapo kama uyoga. Wapi! Pacencia Cabaobao, mama mzazi. Basi. Miaka mitatu mahabusu, kesi inapigwa danadana, marafiki wakayeyuka mmoja mmoja, mke akaenda zake Cebu. Nani kama mama? Kila Ijumaa saa tano asubuhi bibi yule alijitokeza kwenye kioo cha kishikwambi, kakaa wima na blauzi yake ya kanisani, anamuuliza mwanawe kama amekula.

Leo ilikuwa Ijumaa. Mazishi yalikuwa saa nane mchana, na Wilmer alikuwa amekwisha kukaa kwenye benchi, fulana yake ya njano ya gereza imepigwa pasi kwa kulaliwa chini ya mkeka. Ombi la kwenda kuzika alilipeleka kwa hakimu Jumatatu. Karatasi haikurudi.

"Madam," akasema, "nimwone tu. Sisemi niende. Nimwone kabla hawajamfunika."

"Wilmer, mgeni wako wa kwenye orodha hayupo tena."

"Yupo, Madam. Ndiye huyo huyo."

Marivel akakitazama kishikwambi mezani. Mashine yenyewe hakuwa akiichukia. Zamani, kabla haijaletwa, yeyote mwenye simu alipiga. Siku moja mtu akajiita dada wa mahabusu, kumbe alikuwa akipokea maagizo ya kwenda kumtisha shahidi, na shahidi yule akaishia hospitali. Ndiyo maana sasa kila mahabusu ana orodha yake, kuongeza jina ni wiki mbili na barua ya mwenyekiti wa mtaa, na mashine humkagua mgeni uso kwanza. Ulikuwepo ufunguo wa afisa wa kuipita mashine, lakini aliyemtangulia Marivel aliutumia bila kuandika sababu, na sasa analinda ghala la mchele huko mpakani mwa jimbo. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.

Saa tano kamili kishikwambi kikalia. Pacencia Cabaobao anaita.

Haki ya Mungu, nywele zilimsimama Marivel.

Alipogusa kioo akaona uso wa mwanamke mnene, kapaka poda, miwani imekaa upande. Nyuma yake watu wanakula karanga za kuchemsha na kunywa kahawa, wengine wanacheza karata. Msiba umechangamka, siku ya tano.

"Madam, habari za kazi! Mimi Loring, dada wa marehemu. Simu hii ni yake. Mpe Wilmer."

"Tiya Loring," akasema Marivel, akimwita kama mama mdogo wa nyumbani, "pole sana. Lakini wewe hujaandikishwa. Siwezi kufungua kwa mtu asiyeandikishwa."

"Najua, dada yangu alinieleza mambo yenu hayo. Mnamtaka Pacencia?"

"Ndiye pekee aliyeandikishwa, Tiya."

"Basi si yupo! Yupo hapa sebuleni tumemlaza. Ngoja."

Kabla Marivel hajafungua mdomo, simu ikavuka watu, ikapita mishumaa na maua, ikasimama juu ya jeneza. Chini ya kioo cha jeneza alilala bibi yule na blauzi yake ya kanisani, midomo imepakwa rangi ambayo hakuipaka maisha yake yote. Duara la kijani likauzunguka uso wake. Mashine ikafikiri kidogo.

"Uso umetambuliwa," ikasema kwa sauti yake ya msichana wa benki. "Mgeni, tafadhali fumbua macho."

Kule sebuleni hata karata zikasimama.

"Mgeni, tafadhali fumbua macho."

"Akifumbua," akasema mzee mmoja wa karata, "mimi na mkongojo wangu huu ndio tutakuwa wa kwanza mlangoni!"

Loo, kicheko kilichopasuka! Tiya Loring alicheka mpaka simu ikatikisika, halafu kicheko kikamgeukia kikawa kilio. "Msilie juu yake!" akawafokea wapwa zake huku mwenyewe akilia pembeni. "Chozi likidondoka kwenye kioo cha jeneza mtamlemea njiani. Sogeeni!"

"Mgeni, tafadhali fumbua macho," ikarudia mashine mara ya tatu, na namba nyekundu zikaanza kuhesabu kurudi nyuma. Sekunde thelathini, simu ingekatika, na siku hiyo isingepokewa tena.

Wilmer aliweka mikono yake nyuma ya mstari mwekundu uliochorwa mezani, kama kanuni inavyotaka, akamtazama Marivel. Hapo ndipo Marivel alipoumia. Angemtukana, ingekuwa rahisi zaidi.

Liwalo na liwe, akajisemea. Ghala la mchele nalo ni kazi.

Akaingiza ufunguo wake. Mashine ikamwuliza sababu, na kisanduku cha kuandikia kikafunguka, kitupu. Angeweza kudanganya, aseme kamera ni mbovu. Vidole vyake vikakataa. Akaandika: *Mgeni aliyeandikishwa yupo. Nimemtambua kwa macho yangu. Amefariki. Mwanawe anamuaga.* Akatia jina lake kamili na namba yake ya kazi.

Ziara ikafunguka. Dakika kumi na tano.

"Nanay, mama yangu," akasema Wilmer.

Akamwambia amekula. Akamwambia wali ulikuwa na dagaa, na uji wa asubuhi ulikuwa wa moto. Akamwomba radhi kwa mambo ambayo Marivel alipaswa kuyasikiliza, maana kusikiliza ndiyo kazi yake, lakini aliyaacha yapite. Kila mara Wilmer aliinama zaidi juu ya meza, mpaka pua ikakaribia kioo, mikono imeng'ang'ania nyuma ya mstari.

Dakika ya kumi na tatu chozi likadondoka. Likaanguka juu ya kishikwambi, katikati ya paji la uso wa mama yake.

Wilmer akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Madam! Kioo! Nimemdondoshea! Mfute, Madam, mimi siruhusiwi kugusa, mfute!"

Mtu mwingine angemwambia, tulia kijana, hiki ni kishikwambi tu, jeneza liko kilomita arobaini. Lakini Marivel naye amezaliwa kisiwani humu, na mama yake amezikwa humu. Hakubishana. Akavuta mkono wa sare yake mpaka kiganjani, akainama, akalifuta taratibu, kutoka paji la uso kwenda shavuni, kama anavyofutwa mgonjwa.

"Limetoka?" akauliza Wilmer.

"Limetoka. Njia yake nyepesi. Sema naye, bado dakika moja."

Akabaki ameinama hivyo hivyo, mkono u tayari. Tone la pili lilipoanguka halikuwa la Wilmer. Akalifuta nalo upesi, kabla Wilmer hajaliona.