Sefu Katika Sakafu ya Gereji

Gereji ya mwashi haikuwahi kuona gari. Aliijenga enzi zile bado ana tamaa ya kununua hata kikuukuu, na gari lilipokataa kuja, ikageuka stoo ya mbao na mifuko ya saruji. Humo ndimo alimoamua kulifukia sefu, kasha zito la chuma lenye kufuli ya namba, mlango wake ukitazama juu, sawasawa na sakafu.

Ndani alitia karatasi moja tu: hati ya mauziano ya kiwanja walichojenga yeye na mkewe, iliyoandikwa kwa mkono miaka ishirini na minane iliyopita. Muuzaji aliyetia dole gumba alishakufa, na mashahidi walimfuata. Sasa mtoto wa marehemu alikuwa amekwenda mahakamani kudai kwamba baba yake hakuuza, aliazimisha tu. Kopi mwashi hakuwahi kuitoa, kwa kuogopa watu wa kughushi. Kesi ilipokaribia akaona hata chini ya godoro si salama tena.

Kazi aliifanya mwenyewe, na kazi aliijua. Alichimba, akalitumbukiza kasha, akamwaga zege na kulipiga mwiko mpaka likang'aa. Mkewe, aliyesimama mlangoni na futi ya kupimia nguo shingoni, aliuliza kama kule chini hakuna unyevu. Mwashi akacheka, akamwambia arudi kwenye cherehani yake, mambo ya zege amwachie mwenyewe. Mwenye duka alikuwa amemhakikishia kwamba sefu lile halipitishi moto. Habari za maji hakuuliza.

Basi kwa siku saba, asubuhi na jioni, alilimwagilia zege lake. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyofanya katika kila nyumba aliyowajengea watu: zege bichi lisiponyweshwa hupasuka. Alimimina ndoo nzima juu ya mlango wa sefu, maji yakatuama vizuri, naye akaridhika. Kila yalipopungua, alijua zege limekunywa.

Asubuhi ya kesi akalifungua. Karatasi ilikuwa imelala ndani ya maji ya kina cha vidole viwili, wino wote umeyeyuka. Alipoishika ikakatika mkononi. Dole gumba la marehemu lilibaki doa la buluu ambalo lingeweza kuwa la mtu yeyote. Mwashi alipiga magoti pale pale. Hakuwa na wa kumlaumu, na hilo lilimuuma kuliko yote.

Mkewe alikuja amekwisha kuvaa, mkoba begani. Alichungulia, akaelewa.

"Twende tu, mama watoto," mwashi alisema. "Nitaapa."

"Na yeye ataapa."

Akamwinua kwa mkono, akampangusa matope magotini. Hakumkumbusha lile swali lake la unyevu, na mwashi aliona heri angemkumbusha. Walipofika getini mkewe akasimama, akaanza kuitazama nyumba, dirisha moja baada ya jingine.

"Tutachelewa," mwashi alimwambia.

"Niache niitazame. Tukirudi haitakuwa yetu."