Lita Tisa na Nusu

Mimi ndiye niliyelitaka lile gari. Naanza na hilo kwa sababu kijijini kwetu, huku uwandani Karditsa, watu bado wanasema ni mume wangu Thrasivoulos aliyelileta, na yeye kwa hisani yake hajawahi kuwasahihisha. Pikapu la zamani la marehemu baba yake lilikuwa likinywa lita kumi na tatu za dizeli kwa kila kilomita mia. Nikasikia habari za pikapu jipya lenye betri ndogo pembeni ya injini: ukipunguza mwendo betri inajaa, ukiondoka inasaidia kusukuma. Karatasi rasmi ilisema lita tisa na nusu. Namba hiyo nilimsomea Thrasivoulos asubuhi na jioni mpaka akachoka, akakubali.

Wifi yangu Kalliroi hakukubali. Yeye ni dada mkubwa wa mume wangu, mjane, fundi cherehani aliyestaafu, na lile pikapu lililouzwa lilikuwa la baba yake. Siku jipya lilipoingia uani alilizunguka mara moja, akapangusa vumbi lisilokuwepo, akasema, "Karatasi haipandi mlima, wifi."

Nilimcheka. Nikasema mbele ya watu, kwenye mgahawa wa kijiji, kwamba gari hili litapanda milimani Evrytania na kurudi kwa mafuta ambayo lile la zamani lingemaliza kwenda tu.

Miezi miwili ikapita. Kila siku nilitazama kioo cha dashibodi, na kila siku kilinionyesha kumi na moja na nusu, kumi na mbili, siku nyingine kumi na mbili na zaidi. Hapo gari halina mzigo na barabara ni tambarare kama meza. Nilijaribu kuendesha polepole, nikajaribu kuzima kiyoyozi, nikajaza upepo matairi. Ile tisa na nusu sikuiona hata siku moja. Mwishowe nikajifunza kitufe cha kuificha. Thrasivoulos akipanda, mimi nabonyeza, kioo kinageuka kuwa cha redio. Hakuniuliza kitu, nami sikumwambia mtu.

Mwezi wa sita daktari akampasua Thrasivoulos goti. Nyuki wetu, ambao ndio riziki yetu, walikuwa bado uwandani, na misonobari ya Evrytania ilikuwa imeanza kutoa utomvu mtamu wanaougeuza asali. Asali ya misonobari haimngoji mgonjwa; ukichelewa wiki moja, umechelewa mwaka. Nikasema nitawapeleka mwenyewe. Kalliroi akasema atanisindikiza nisije nikasinzia njiani. Tulishangaa sote, maana ingawa ni binti wa mfuga nyuki, anawaogopa tangu utotoni. Nyuki mmoja akiingia jikoni, yeye anatoka.

Jumamosi jioni nyuki waliporudi wote, nilifunga milango ya mizinga thelathini na sita, nikawaachia wavu wa juu wapate kupumua. Kumi na minne tuliipanga kwenye pikapu, ishirini na miwili kwenye trela. Saa kumi na moja alfajiri tukaondoka. Kioo kiliandika kwamba mafuta yaliyobaki yanatosha kilomita mia tatu na kumi. Safari yenyewe ilikuwa mia na thelathini.

Tulipopita kituo cha mafuta cha mwisho cha mjini, taa zilikuwa zinawaka na mhudumu alikuwa amesimama mlangoni.

"Hujazi?" Kalliroi akauliza.

"Ya nini? Hili si gari la baba yako, wifi. Tutafika, tutarudi, na yatabaki."

"Haya. Mwenye gari ni wewe."

Nilijua. Nilijua kwamba ile mia tatu na kumi ilihesabiwa kwa mwendo wa wiki nzima bila mzigo. Lakini kusimama pale mbele yake, baada ya maneno yote niliyosema mgahawani, kulinishinda. Nikapita.

Milima ikaanza, na namba ikaanza kuanguka. Mwanzoni betri ilisaidia. Niliona alama yake ya kijani ikiwaka kila nilipotoka kwenye kona. Baada ya mpando wa kwanza mrefu ikawa imekwisha, na injini ikabaki peke yake na tani mbili za mizinga na trela. Tulikuwa tumekwenda kilomita ishirini, na kioo kimepunguza sabini. Nilisogeza mkono kwenye kile kitufe.

"Acha," Kalliroi akasema, macho yake yakiwa barabarani. "Nishaona. Namba zako zina haraka kuliko sisi."

Kilomita ya sitini tukakuta foleni. Mawe yalikuwa yameporomoka usiku, na barabara imefungwa. Niliposimama, injini ikajizima yenyewe, maana magari haya yamefundishwa kujizima yakisimama ili yasile mafuta bure. Kukawa kimya, na ndani ya kimya kile tukawasikia nyuki. Gari likitembea, upepo unapita kwenye nyavu na wao wanatulia. Gari likisimama, upepo nao unasimama, na mizinga inaanza kupata joto. Mlio wao ulikuwa wa chini, kama watu wengi wanaonong'ona nyuma ya ukuta.

"Limezimika?" Kalliroi akauliza.

"Limejizima tu."

"Linajua kuwaka?"

Liliwaka. Lakini tulikaa pale dakika arobaini, na jua likapanda mgongoni mwa mlima upande wa pili. Mfanyakazi wa barabara akapita akimwambia kila dereva azunguke kwa upande wa ziwa, kilomita hamsini zaidi. Kioo sasa kilisema mia na tano. Nilipiga hesabu kichwani, nikapiga tena, na kila mara jibu lilikuwa lile lile. Nikageuza gari kuelekea njia ya ziwa. Kurudi Karditsa kulikuwa kushuka kwenye joto. Mbele kulikuwa na baridi ya mlima na kituo kimoja cha mafuta, katika kijiji cha Platanaki. Nikajipa moyo kwamba tutakifikia.

Tulikifikia, saa tatu kasorobo. Kioo kilikuwa kimeacha kuhesabu. Mahali pa namba palikuwa na vistari vitatu na taa ya njano. Na pampu ilikuwa imefungwa kwa kufuli.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akimwagilia maua yake kwenye makopo alituambia kwamba Zisis, mwenye kituo, yuko Ano Lithari, kijiji walikotoka wazazi wake, kwenye arobaini ya mama yake. Karibu kijiji kizima kimekwenda. Simu hapokei, na kanisani huwezi kumlaumu. Ano Lithari ni wapi? Kilomita kumi na nne, alisema, akionyesha juu kwa kidevu.

Nilisimama katikati ya barabara nikalitazama trela. Mafuta yaliyobaki hayangeweza kuvuta trela mlimani. Bila trela, huenda. Lakini trela likibaki, mizinga ishirini na miwili itakaa bila upepo, na siku ilikuwa inapata moto. Chini ya barabara palikuwa na chemchemi ya kijiji na kivuli kizuri cha miti mikubwa. Nilishusha gari mpaka pale, nikalifungua trela kutoka kwenye pikapu, nikampa Kalliroi pampu ya kunyunyizia maji.

Aliishika kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake.

"Mimi? Na hawa?"

"Nyunyizia nyavu, taratibu, mfululizo. Maji ya chemchemi ni baridi, yatawasaidia. Usifungue mlango wowote. Ukifungua watatoka, watapazoea hapa, na hatutawahamisha tena mpaka giza liingie. Tena kuna watu hapa, wifi. Usifungue."

"Wanaunguruma."

"Waache waungurume. Ndiyo uzima wao."

"Na wakinyamaza?"

Niliwasha gari nikaondoka, na kwenye kioo cha pembeni nikamwona amesimama hatua tano kutoka kwenye trela, akinyunyizia maji kwa mkono ulionyooka.

Zile kilomita kumi na nne sitazisahau. Namba haikuwepo, nilibaki na taa ya njano na vistari vyake, na kila injini ilipobadilisha mlio nilidhani ndiyo mwisho. Kiyoyozi nilikuwa nimezima, madirisha yamefungwa ili upepo usilishike gari, na jasho likinichuruzika machoni. Nyuma yangu ile mizinga kumi na minne ilikuwa na upepo, hiyo nilijua. Niliyekuwa nikimfikiria ni yule mama wa miaka sitini na tisa asiyeweza kukaa chumba kimoja na nyuki mmoja. Na nilifikiri jinsi nilivyopita kwenye kile kituo chenye taa zinazowaka, kwa sababu ya neno nililolisema mgahawani.

Gari lilifika. Nililiegesha kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa nikaingia nilivyo, na ovaroli nyeupe yenye madoa ya nta. Ibada ilikuwa inaelekea mwisho. Mbele kulikuwa na sinia la ngano ya kuchemsha iliyofunikwa sukari, ile wanayogawiwa watu kumkumbuka marehemu, na mshumaa umechomekwa katikati. Nilimuuliza mtu wa mlangoni, akanionyesha mwanamume mfupi aliyevaa shati jeusi, amesimama karibu na sinia. Nilipita pembeni mpaka kwake huku watu wakinitazama, nikamnong'oneza kila kitu: nyuki, trela, wifi yangu, jua.

Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Padri hajamtaja mama. Ngoja amtaje jina, halafu nakuja."

Nilingoja. Robo saa nzima nilisimama karibu na mfiwa nisiyemjua, nikiwasikia nyuki wangu kupitia dirisha, huku nikiomba padri asome haraka, na kuona haya kwa kuomba hivyo. Jina lilipotajwa, Agoritsa, Zisis alijifanyia alama ya msalaba, akanigusa kiwiko, tukatoka. Kwenye banda la kaka yake kulikuwa na dumu la lita ishirini la trekta. Alilimimina mwenyewe, shati lake la msiba likarukiwa dizeli. Nilipotaka kumshukuru akasema, "Nenda. Mama naye alifuga."

Nilishuka mlima kwa kasi ambayo sikumwambia mume wangu.

Nilipokaribia Platanaki niliwaona kabla sijaliona trela. Hewa yote juu ya chemchemi ilikuwa imejaa nyuki, wanazunguka kwenye jua, wanatua kwenye maji. Milango ya mizinga yote ishirini na miwili ilikuwa wazi. Kalliroi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mawe ng'ambo ya barabara, kitambaa chake cha kichwani kimelowa maji, jicho moja limefungwa kwa uvimbe na mdomo umehama upande. Yule mwanamke wa maua alikuwa akimwekea kitunguu kilichokatwa kwenye shingo.

Maneno yangu ya kwanza yalikuwa mabaya, nayakiri. "Nilikwambia usifungue."

Aliniangalia kwa jicho lililobaki. "Nilinyunyizia mpaka mkono ukafa ganzi. Wakawa wanachemka kama mafuta kwenye kikaango. Halafu mzinga mmoja wa katikati ukanyamaza, na asali ikaanza kutiririka chini yake, ya moto. Nilikuuliza, wakinyamaza je? Hukunijibu. Basi nikajijibu."

Nilikwenda kwenye trela. Mizinga miwili ya katikati ilikuwa imekufa. Masega yameyeyuka, nyuki wamelala chini kama majani ya chai yaliyotumika. Mizinga ishirini ilikuwa hai. Kama angenitii, ingekufa yote.

Nilirudi nikakaa karibu naye. Nikamwambia kuhusu ile tisa na nusu, kwamba sijawahi kuiona hata siku moja, na kwamba leo mlimani gari limekula ishirini. Nikamwambia kuhusu kitufe.

"Nilikuona ukikibonyeza tangu Pasaka," akasema. "Na Thrasivoulos alikuona kabla yangu. Alisema tukuache, utasema mwenyewe."

Nikafungua na ile mizinga kumi na minne ya kwenye pikapu, maana sasa wote wangesubiri jioni. Adhuhuri watu wakarudi kutoka kwenye arobaini. Wengine walilalamika kwamba hawawezi kuteka maji. Zisis aliwatuliza, akatuletea vifuko viwili vya ile ngano, mkate na jibini, akatujazia tangi mpaka juu. Nilimpigia mume wangu simu nikamsimulia bila kuruka kitu. Aliuliza tu kama dada yake anapumua vizuri. Nikampa simu waongee wenyewe.

Giza lilipoingia nyuki walirudi, tukafunga milango. Safari hii aliyefunga ya upande wa kushoto alikuwa Kalliroi, bila glavu, kwa sababu alisema vidole vimeshavimba kiasi kwamba glavu haziingii. Tulipanda mpaka misonobarini polepole, kioo kikionyesha kila lita bila kufichwa, na tukaishusha mizinga kwenye ubaridi.

Jicho lake lilichukua siku nne kufunguka. Alikataa daktari. Siku hizo alikaa kwetu, kwenye chumba cha mbele, nami nikimpikia supu na kumkandia uso kwa siki, naye akilalamika kwamba supu haina chumvi.