Mbwa Kwenye Picha

Tangu mwaka 1994, kila mwanzo wa Desemba, Torunn Aasebø aliandika barua ya Krismasi. Ukurasa mmoja, pande mbili, picha ya familia juu, habari za mwaka mzima chini, na mwishoni heri ya mwaka mpya. Mwaka huo nakala zilikuwa arobaini na tatu. Zilikwenda kwa binamu, majirani wa zamani, wenzake wa chuo cha ualimu, na kwa shangazi yake Borghild kule kisiwani. Kwetu barua za namna hii ni nyingi, na zote zinafanana. Watoto wamefaulu, jiko limejengwa upya, baba amekimbia mbio ndefu na goti halijamuuma. Hakuna aliyewahi kuandika kwamba mume wake ananuna tangu Machi.

Torunn hakuwa mwongo kuliko wengine. Alikuwa na mkono mwepesi wa kutia chumvi, basi.

Tatizo la mwaka huo lilikuwa picha. Binti yake wa pekee, Synne, mwenye miaka ishirini na mitatu, hakuwa amefika nyumbani wala kupiga simu tangu Pasaka. Namba yake ilikuwa imefungwa. Torunn alipiga simu chuoni, kule mjini Tromsø, wakamwambia habari za mwanafunzi hazitolewi kwa mzazi. Aliwapigia polisi, wakamwambia kwa upole kwamba mtu mzima ana haki ya kutotafutwa. Alikuwa akiamka saa kumi alfajiri na jambo moja tu kichwani: yuko hai au hayuko? Kisha aliinuka kitandani, akapika kahawa, akaenda kazini kufundisha watoto wa darasa la tatu kujumlisha.

Na bado barua ilibidi iandikwe. Asingeiandika, watu arobaini na tatu wangeuliza kuna nini. Akaandika kwamba Synne amebakiza mwaka mmoja awe daktari wa meno. Akafungua picha za zamani, akachagua moja ya Krismasi ya mwaka juzi, wote watatu wamevaa masweta ya kufuma mbele ya ghala, Synne akicheka. Alimwangalia sana Synne. Hakuangalia kitu kingine chochote kwenye picha ile.

Barua zikapigwa chapa, zikakunjwa, zikabandikwa stempu, zikaenda.

Baada ya siku nne, binamu yake Kåre wa Drammen akatuma ujumbe: "Hongereni kwa mbwa mpya! Kafanana na Tass kama pacha."

Torunn aliichukua barua, akavaa miwani. Miguuni pa Synne, ulimi nje, alikuwa amekaa Tass. Tass aliyekufa Oktoba ya mwaka jana. Na kila mtu alijua kwamba amekufa, kwa sababu barua ya mwaka jana ilimpa Tass mistari sita mizima: uvimbe wa tumbo, usiku wa kukesha, daktari wa wanyama aliyelia pamoja nao, kaburi chini ya mti wa matofaa. Watu kumi na mmoja walituma kadi za pole.

Mumewe Eivind alikuwa akisafisha viatu vya kuteleza kwenye theluji. Torunn alimwonyesha picha.

"Niliona," alisema Eivind.

"Uliona lini?"

"Tulipokuwa tunakunja. Nikadhani umekusudia."

"Nikusudie nini, Eivind? Kumfufua mbwa?"

Eivind aliinama akaendelea na viatu. Mwanamume huyu alikuwa amejifunza kwamba ukinyamaza muda wa kutosha, mambo mengi hupita bila kukugusa. Hata Synne alipoondoka siku ile ya Pasaka, yeye alikuwa gereji.

Torunn akamjibu Kåre kwamba ndiyo, ni mbwa mpya, wa uzao uleule. Jioni waliuliza wengine watatu, naye akawajibu vilevile. Eivind aliposikia akauliza kama sasa watafute mbwa kabisa, maana Kåre hupita kila kiangazi. Torunn alicheka, halafu kicheko kikageuka kilio, akaenda kujifungia bafuni akafungulia maji.

Alilia kwa sababu ya maneno ya Pasaka. Vuli ya mwaka jana, Synne alikuwa amelazwa wiki sita kwenye wodi ya wagonjwa wa akili huko Tromsø. Alikuwa ameacha kula, ameacha kulala, ameacha chuo. Alimpigia mama yake mwenyewe akamweleza yote, na akamwomba jambo moja: kwenye barua ya Krismasi, niandike nilivyo au usiniandike kabisa. Torunn akaahidi. Kisha akakaa mbele ya kompyuta, akawafikiria binamu zake na watoto wao wahandisi, akaandika kwamba Synne anaendelea vizuri na masomo ya meno.

Synne aliikuta barua hiyo Pasaka, kwenye faili ambamo mama yake alizipanga zote kwa miaka. Aliisoma akiwa amesimama. Hakupiga kelele. Torunn angetamani angepiga kelele.

"Mbwa umemwandikia ukweli wote, Mama," alisema. "Hata damu aliyokuwa anaharisha umeiandika. Mimi umeniweka mstari mmoja, na wenyewe si kweli."

Alichukua begi lake akaondoka na basi la saa nane.

Mkesha wa Krismasi, kengele za kanisa zilipomaliza kulia saa kumi na moja jioni, mbavu za kondoo zikiwa bado jikoni kwenye mvuke, Torunn alianza kupiga simu zake za kila mwaka. Wa kwanza siku zote alikuwa Shangazi Borghild, dada wa marehemu baba yake, ajuza wa miaka themanini na minne anayeishi peke yake na masikio yanayosikia anachotaka.

Shangazi alishukuru kwa barua. Aliulizia mbwa. Torunn akasema ni mpya. Shangazi akasema aa, halafu akauliza habari za Synne.

"Mzima kabisa," alisema Torunn. "Yuko mlimani kwenye kibanda na wenzake wa chuo. Anakusalimu sana."

"Ana afya?"

"Afya tele, Shangazi."

Upande wa pili ulisikika mlio wa chuma kwenye sahani, na Torunn akafikiri shangazi yake ameanza kula mapema, kama kawaida yake.

"Torunn mwanangu," alisema ajuza, polepole, kama anayeongea na mtoto aliyepanda juu ya paa. "Nakuuliza tena. Synne yuko wapi?"

Ukweli ulimfika Torunn mpaka kwenye meno. Angesema sijui, Shangazi, nakufa, sijui. Lakini nyuma yake Eivind alikuwa anawasha mishumaa, meza ilikuwa imeandaliwa, biskuti za aina saba zimepangwa kwenye makopo yake, na Krismasi ni Krismasi.

"Nimekwambia, Shangazi. Mlimani."

"Haya," alisema Borghild. "Sikukuu njema." Akakata simu.

Zikaja siku zile zilizo kati ya Krismasi na mwaka mpya, ambazo kwetu watu hutembeleana na kumaliza mabaki. Tarehe ishirini na tisa posta ilileta bahasha moja iliyorudi. Ilikuwa barua yake mwenyewe, nakala ya ziada aliyomtumia Synne kwa anwani ya zamani ya Tromsø, pamoja na soksi alizomfumia. Juu yake palibandikwa karatasi ya njano: mpokeaji hajulikani.

Torunn alisimama kwenye kisanduku cha posta mpaka vidole vikafa ganzi. Miezi yote hiyo alikuwa amejidanganya kwamba walau anwani anayo. Sasa hakuwa na kitu. Aliwaza mto, aliwaza daraja, aliwaza vidonge, mambo ambayo mama akiyawaza mara moja hayamtoki tena. Hakumwambia Eivind. Asubuhi iliyofuata aliendesha gari hadi gatini, akapanda kivuko, akaenda kwa mtu pekee aliyemuuliza mara tatu.

Borghild alifungua mlango, akamtazama juu mpaka chini, hakushangaa.

Torunn hakungoja kuvua koti. Alisema yote pale ukumbini, kwa pupa, maneno yakikanyagana: wodi, ahadi, Pasaka, picha, bahasha iliyorudi. Alisema hakuna kibanda wala mlima. "Sijui mtoto wangu yuko hai au amekufa, Shangazi. Na nimewaandikia watu wote kwamba anang'oa meno."

"Yuko hai," alisema Borghild.

Torunn alishika fremu ya mlango.

"Ulijuaje?"

"Njoo ukae."

"Ulijuaje, Shangazi?"

Ajuza alivuta kiti, akakaa kwanza yeye. Simu yake ilikuwa pale mezani, imeegemezwa kwenye bakuli la machungwa. Masikio yake yalipoanza kumtupa, aliiweka kwenye spika, na tangu hapo haijawahi kutoka kwenye spika. Watu wote kisiwani wanalijua hilo. Torunn naye alilijua.

"Alikuja tarehe ishirini na tatu," alisema Borghild. "Akanisaidia kuosha madirisha. Akaniambia: Bibi, Mama atapiga kesho saa kumi na moja. Muulize habari zangu. Akisema ukweli, nitaongea naye. Nilikuuliza mara tatu, Torunn. Alikuwa amekaa hapo ulipokaa wewe. Alikuwa ameshika uma."

Torunn alikumbuka ule mlio wa chuma. Akatoa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake. Alijipiga kifuani kwa ngumi, mara moja, mara mbili, mpaka ajuza akamshika mkono.

"Aliondoka na kivuko cha tarehe ishirini na saba," alisema Borghild. "Hakulia. Ningependa alie. Alichukua kalamu tu, akaandika pale."

Kwenye friji, chini ya sumaku, ilikuwapo barua ya Krismasi. Kwenye picha palikuwa na mishale miwili ya wino wa buluu, mwandiko ule wa mviringo ambao Torunn mwenyewe alimfundisha Synne kabla hajaanza shule. Mshale mmoja ulimwelekea mbwa: *Huyu alikufa, mkapewa habari.* Mwingine ulimwelekea msichana anayecheka: *Huyu yuko hai.*

Torunn aliomba namba. Shangazi akasema ameahidi kutoitoa. Torunn akapiga magoti, mwalimu mzima wa miaka hamsini na minane, na koti lake, na viatu vinavyotiririsha theluji kwenye sakafu, akamshika ajuza miguu.

"Namba siitoi," alisema Borghild. "Lakini simu ni yangu, nampigia nimtakaye."

Akabonyeza, akairudisha simu kwenye bakuli la machungwa. Ikaita mara nne.

"Bibi? Umekunywa dawa zako?"

Ile sauti. Nyepesi, yenye usingizi kidogo, nzima. Torunn alikuwa amejiandalia maneno kwa miezi tisa, mazuri, yaliyopangika, na yote yakamkimbia.

"Ni Mama," alisema.

Kwa mbali ilisikika redio, na maji yakichuruzika mahali fulani.

"Usikate. Picha ni ya zamani, Synne. Tass amekufa. Hatuna mbwa mpya, nimewadanganya wote. Sikuwa najua uko wapi. Jana nilifikiri umekufa. Nilikuonea aibu, mwanangu, hiyo ndiyo kweli, nilikuonea aibu, na sasa najionea mimi." Akapumua. "Sina kingine."

Borghild akaikaribia simu kuangalia kama bado ipo hewani.

"Umeniambia mimi," alisema Synne hatimaye. "Mimi nilikuwa najua. Waandikie wao."

Simu ikakatika.

Torunn alibaki palepale sakafuni. Kisha aliinuka, akavua koti, akaomba karatasi na kalamu. Borghild alimletea karatasi zake za mistari, akaenda kuchemsha kahawa. Nje giza lilianza kuingia, ingawa saa tisa ilikuwa haijagonga.

*Wapendwa wote,* aliandika Torunn. *Picha tuliyowatumia ni ya mwaka juzi. Mbwa mnayemwona ni Tass, aliyekufa.* Hilo lilikwenda vizuri. Akaandika ya wodi, ya wiki sita, ya ahadi aliyoivunja, na mkono haukusimama.

Halafu akafika mahali pa habari zenyewe, pale ambapo kila mwaka aliandika nani anafanya nini. Aliandika jina, *Synne*, akainua kalamu. Anaishi wapi? Anafanya kazi gani? Anakunywa dawa? Anakula? Ana mtu wa kumfungulia mlango akirudi? Alitafuta jambo moja, lolote, ambalo ni la kweli na analijua. Alikuwa na redio, na maji yanayochuruzika.

Borghild aliweka kikombe karibu na mkono wake.

"Kahawa itapoa," alisema.

Torunn aliinamia karatasi, na mbele ya jina la mwanawe akaandika: *hatujui.* Kisha akachukua karatasi ya pili, maana barua zilikuwa arobaini na tatu, na kisiwani hapakuwa na mashine ya kutoa nakala.