Kiti cha Baba na Gitaa Linaloyumba

Kazi niliyopewa siku ile ilikuwa ya heshima kubwa: kuyatazama makalio ya baba.

"Usipepese macho," dada aliniambia. "Yakiachana na kiti hata kwa unene wa karatasi, sema."

"Na nikipiga chafya?"

"Piga ukiwa umekodoa."

Baba ni fundi redio. Chumba chetu cha mbele ndicho karakana yake: mabenchi mawili, rafu za redio zilizotolewa matumbo, harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyushwa, na katikati ya sakafu stuli ya chuma ambayo haikaliwi na mtu mwingine. Kila redio anayoitengeneza lazima ipite mbele ya stuli hiyo. Anaweka kaseti, anakaa, mikono magotini, anasikiliza upande mzima. Asiponyanyuka, redio imepona. Anaifuta, anasimama wima na kumkabidhi mwenyewe kwa mikono miwili, kama mkunga anayekabidhi mtoto. Akinyanyuka, kuna ubovu. Mashine inafunguliwa, inatengenezwa, na kaseti inarudishwa mwanzo kabisa. Hakuna kuendelea mlipoishia. Nimeshamwona akinyanyukia mikwaruzo ambayo hata popo angeomba irudiwe.

Dada yangu anafanya kazi benchi la pili. Baba anamwita Waya, kwa sababu ya wembamba, na kwa sababu alijua kulehemu kabla ya kujua kusuka nywele. Baada ya kazi hupiga gitaa la umeme kwenye bendi ya watu wanne. Roki, lakini si ile ya kurukaruka. Yao ni roki ya mtu aliyeamka katikati ya ndoto na kukataa kufumbua macho: magitaa yanapigwa yakarudi kinyumenyume, sauti zinaelea, kinanda kinasikika kana kwamba kiko chini ya maji. Walikuwa wamerekodi albamu nzima ndani ya ghala tupu, na mwenye kumbi za muziki katika mji mwingine alikuwa amewaita wakapige huko na kuitoa hiyo albamu. Gari la kuwachukua lilikuwa linaondoka mchana ule ule.

Baba alikuwa amekataa. "Huo si muziki, ni ubovu. Nimeusikia kupitia ukutani."

Mama naye alikuwa amefunga mlango wa pili. "Bila radhi ya baba yako, mwanangu, mguu hautoki humu."

Dada hakutaka kuondoka bila radhi hiyo, hilo nalijua. Ndipo wakati wa chakula akaweka kijiko chini na kusema, "Baba, isikilize kwa kiti. Upande wa kwanza tu. Ukinyanyuka, nafungua nyuzi za gitaa, naacha. Usiponyanyuka, naondoka na radhi zako."

Baba alicheka mpaka akakohoa. "Nitanyanyuka kabla sijakaa."

"Basi unaogopa nini?"

Hapo kicheko kikaisha. Wakapeana mikono. Atakayegusa mashine kabla upande haujaisha, kashindwa. Mama akasema mimi niwe jaji, maana sina upande.

"Hana hata akili," dada akasema, "lakini macho anayo."

Kusema kweli, upande nilikuwa nao. Waya akiondoka, benchi lake linakuja kwangu, na mimi bisibisi nazitambua kwa rangi ya mpini tu, kazi yenyewe siijui. Nilinyamaza. Kwa mtu ambaye nyumba nzima inamwita Kelele, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Dada akatoa kaseti mfukoni. Ilikuwa ile yenyewe, waliyorekodia, na nyingine duniani haikuwepo.

"Si ungeleta kopi?" nikamnong'oneza.

"Kopi inapunguza sauti. Nimpe baba kopi?"

Hayo ndiyo matatizo ya kuzaliwa na fundi. Mtu mwingine angeificha ile kaseti chini ya godoro; yeye anaitia ndani ya mashine kuukuu ya kupimia kwa sababu ya heshima.

Baba akakaa. Nikachuchumaa pembeni, macho usawa wa stuli. Dada akabonyeza kitufe.

Kwanza ulikuja mvumo, kama upepo ndani ya chupa. Nyusi ya baba ikapanda.

"Huo mvumo."

"Ni wetu," dada akasema.

"Mmeuweka wenyewe?"

"Tumeuweka."

"Watu wazima, na akili zenu."

Halafu gitaa likaingia, kila noti ikianzia mkiani na kumalizikia kichwani, na sauti ya dada ikaja kwa mbali kama mtu anayeita kutoka nyumba ya tatu. Niliona kidole cha baba kikitafuta kifungo cha kupunguza mwangwi hewani, pasipo na kifungo. Akakirudisha gotini. Wimbo ukaisha. Makalio yalikuwa mahali pake.

Wimbo wa pili ulimtesa zaidi. Ngoma zilianza pande zote mbili, halafu taratibu zikahamia kulia. Zote. Upande wa kushoto kimya.

"Spika ya kushoto imekufa," baba akasema, na mkono ukaenda mfuko wa shati, ilipo bisibisi. Kisigino kikainuka.

Nikalala kifudifudi kutazama vizuri. "Kisigino si makalio," nikatangaza.

Ngoma zikarudi kushoto, zikitembea kama mlevi anayejua kwake.

"Imefufuka," nikasema.

"Kelele, nyamaza," baba akasema.

Jasho lilikuwa linamtoka kisogoni. Dada alisimama kando ya benchi lake, mikono nyuma, lakini kwa nyuma niliona anavyojivuta vidole kimoja kimoja.

Katikati ya wimbo huo akaingia Mama Saluni, jirani yetu mwenye duka la nywele.

"Fundi, redio yangu imepona?"

"Imepona. Iko rafuni."

Akasubiri. Kila mteja anajua baba husimama akamkabidhi. Baba akabaki ameketi, shingo mbele.

"Nijichukulie?"

"Jichukulie, mama."

"Leo una nini, miguu?"

"Miguu mizima."

Akatutazama mmoja mmoja, mimi nikiwa sakafuni. "Jamani, kuna msiba?"

"Tunasikiliza muziki," nikasema.

"Huo? Nilidhani kuna redio inakata roho." Akaipakata redio yake na kwenda zake, akicheka mpaka barabarani.

Dada akainamisha uso. Neno lile lilimwingia, nililiona likishuka. Nilingoja baba alidake, maana alikuwa ameandaliwa mpira mbele ya goli tupu.

"Redio inayokata roho hairudi kwenye mpigo," baba akasema, kama anaongea na magoti yake. "Hii inarudi."

Dada akainua macho.

Ukaja wimbo wa tatu, na hapo nikajua tumekwisha. Ulikuwa wa taratibu, gitaa moja na sauti moja, na gitaa lenyewe lilikuwa linayumba: sauti inapanda kidogo, inashuka kidogo, inapanda. Kuyumba ndiko adui mkubwa wa baba. Sauti ikiyumba maana yake utepe hauendi sawasawa, na utepe usipoenda sawasawa baba halali. Amewahi kuyaacha maji ya kuoga yakapoa kwa ajili ya redio ya mtu iliyoyumba mara moja.

Akashika kiti kwa mikono miwili. Mwisho akaichukua mikono yake na kuikalia.

"Jaji," dada akasema kwa sauti kavu, "hiyo inaruhusiwa?"

"Makalio yako juu ya mikono, mikono iko juu ya kiti," nikasema. "Mahakama imeridhika."

Nje, honi ikalia. Gari lilikuwa limefika. Mpiga ngoma wao, jamaa mnene tunayemwita Nyundo, akachomoza kichwa dirishani. "Waya! Jua linakwenda, sisi tumekaa!"

Mama akatokea jikoni na mwiko. "Ukipiga honi tena, hilo gari utalisukuma mpaka huko mnakokwenda." Kichwa kikapotea.

Gitaa likaendelea kuyumba. Baba alikuwa amefumba macho, na kidevu chake kikaanza kwenda nalo, kinapanda, kinashuka.

"Ulikuwa unaugusa utepe kwa kidole," akasema. "Wakati wa kurekodi."

"Kidole gumba."

"Unaugusa, unaachia. Kwa kufuata pumzi yako."

"Ndiyo."

"Nani alikufundisha?"

"Wewe. Ndivyo ulivyokuwa ukizipima mashine, nikiwa mdogo, nimekaa chini ya benchi."

Wimbo ukaisha, ukabaki mmoja, wa mwisho na mrefu.

Huo ulianza na kinanda, magitaa yakapanda juu yake, sauti za wote wanne zikajipanga moja baada ya nyingine mpaka vioo vya kabati vikawa vinaitikia. Nilijisahau kidogo, lakini macho sikuyatoa. Unajua albamu kama ile inavyomfanya mtu: nililitazama kalio la baba mpaka likaanza kufanana na mlima. Zikiwa zimebaki dakika chache, dada alikuwa ameshaanza kupumua.

Halafu sauti zikayumba.

Kwa masikio yangu kulikuwa kuyumba kule kule kwa wimbo uliotangulia. Lakini shingo ya baba ilikakamaa. Nikamtupia dada jicho la pembeni: rangi imemtoka, mdomo wazi. Kumbe haikuwa yake. Ndani ya mashine kuliingia sauti ndogo, kama mtu anatafuna karatasi.

Wakatazamana. Nilielewa yote kwa mkupuo mmoja, jambo ambalo shuleni halikuwahi kunitokea. Mashine ilikuwa inaumeza utepe. Dada akigusa, kashindwa. Baba akinyanyuka, dada kashindwa vilevile. Na kila mtu akitulia, albamu inaliwa mbele yetu mpaka imalizike.

Wakaruka pamoja. Vichwa vikagongana juu ya mashine kwa kishindo, mkono mmoja ukabonyeza kitufe, mwingine ukafungua kifuniko, na muziki ukakatika.

Utepe ulikuwa umetoka kama matumbo, umejizungusha kwenye roda, kigurudumu kinachouvuta.

"Usivute," baba akasema.

"Sivuti."

"Shika hapa. Hapa. Pumua pembeni."

Akaingiza kidole kidogo na kuanza kuuzungusha kinyume, mzunguko kwa mzunguko, wakati dada ameshika kaseti bila kutikisika. Mama alisimama mlangoni na mwiko wake unadondosha mchuzi sakafuni, na hakuuona. Mzunguko wa mwisho uligoma. Baba akaunyonga, akasubiri, akaulegeza, ukatoka. Dada akaingiza penseli kwenye tundu la kaseti na kuurudisha utepe ndani, polepole. Haukukatika. Ulikuwa umekunjamana sehemu moja, ya ukubwa wa kucha.

Ndipo dada akanigeukia. Paji la uso lilikuwa limeanza kuvimba.

"Jaji. Nani kanyanyuka kwanza?"

Wote wakanitazama. Ningeweza kusema yeye. Ningeweza kusema baba. Ningeweza kusema nilipepesa. Benchi lake lilikuwa pale pale, na zile bisibisi zenye rangi. Lakini nilikuwa nimekitazama kile kiti mchana kutwa, na nilichokiona nilikiona.

"Baba," nikasema. "Kwa unene wa karatasi."

Dada akatikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa habari aliyokwisha kuisikia. Akaenda kona, akalichukua gitaa, akakaa nalo sakafuni na kuanza kuulegeza uzi wa kwanza. Ukalia kwa kushuka, ukawa mzito, ukanyamaza.

"Unafanya nini?" baba akauliza. Alikuwa ameshaifungua mashine.

"Umenyanyuka, baba. Tulipeana mikono."

"Kelele. Nikinyanyuka, maana yake nini?"

"Kuna ubovu."

"Wapi?"

Baba akainua kwa ncha ya bisibisi ule mpira mwembamba unaozungusha mashine. Ulikuwa umelegea kama lastiki ya soksi kuukuu.

"Hapa," akasema. "Mashine yangu, na mpira wangu niliosema nitaubadilisha."

"Na kwenye nyimbo?" dada akauliza. Hakuinua uso.

Baba akapuliza vumbi ndani ya mashine. Akapuliza tena pasipo na vumbi.

"Kwenye nyimbo sikunyanyuka."

Nyundo akachungulia dirishani, akaona nyuso zetu, akarudi alikotoka bila kuambiwa.

"Kaza huo uzi," baba akasema. "Kelele, waambie wazime gari, mama yako awape chai. Mashine ikishatengenezwa kaseti inarudishwa mwanzo, na safari hii nasikiliza pande zote mbili."

Akatia mpira mpya. Akakaa. Mvumo ukaja, na hakuuliza ni wa nani. Ngoma zilipohamia kulia, kichwa chake kilizifuata na kurudi nazo. Kwenye wimbo wa kuyumba aliinua kiganja tunyamaze, ingawa hakuna aliyekuwa akiongea. Palipokunjamana utepe sauti ilizama kidogo, kama mtu amemeza mate, na dada akakunja uso. Baba akabaki ametulia.

Upande wa pili ulipokwisha, kitufe kilijirusha chenyewe. Baba akaitoa kaseti, akaifuta kwa kile kitambaa anachofutia redio za watu, akasimama wima mbele ya Waya, na kumkabidhi kwa mikono miwili.

"Nenda, mama," akasema. "Na huko usimpe mtu kopi."

Dada akaipokea kwa mikono miwili vilevile. Akalibeba gitaa na kutoka.

Baba akabaki akiutazama mlango. Halafu akanigeukia na kuninyooshea bisibisi ya mpini mwekundu.

Nikapepesa macho, kwa mara ya kwanza tangu mchana.