Taa ya Wageni

Barua ilimtaka Vasemaca akiri kwamba hana ustadi: vizibo kumi na saba vya meno vilikuwa vimeng'oka mwaka ule, vyote alivitia yeye. Aweke sahihi, kisha ahamishiwe stoo. Aliisoma mara mbili, akaisukuma irudi kwa mkuu wa kliniki.

"Miaka kumi na mmoja naziba meno hapa Savusavu, Dokta. Kilichobadilika ni taa ya kukaushia dawa ya kuzibia."

Dokta Kaliopate akacheka kwa pua. "Taa ya LED, mpya, buluu yake inaumiza macho!"

"Debe tupu nalo linavuma."

Vasemaca alikata vipande viwili vya mrija wa soda, akavijaza dawa ya kuzibia. Cha kwanza alikimulika kwa taa mpya, cha pili kwa ile kuukuu yenye mpini uliofungwa plasta, kwa idadi ileile ya sekunde. Kisha akaisukuma dawa nje. Ya taa kuukuu ilikuwa ngumu kotekote. Ya taa mpya ilikuwa ngumu juu tu. Chini aliikwangua kwa ukucha kama siagi.

Dokta aliitazama, akashusha sauti. "Vase, taa hii wageni walitupa, tukaipokea kwa kunywa yaqona ya heshima, kijiji kizima kimeketi. Nimwambie chifu, Ratu, kwamba alipokea takataka?"

Hapo hasira ikampanda Vasemaca hasa. Kumbe heshima ya taa ilindwe, yake itupwe stoo!

"Nitamwambia mimi. Yuko hapo nje."

Ratu Filimoni, chifu wao, alikuwa akingoja na jino lililozibwa mara mbili mwaka ule, nalo limefunguka tena. Vasemaca akaketi sakafuni mbele yake, akapiga makofi ya heshima, akaeleza yote. Hakuacha hata neno.

"Kwa hiyo mara zote mbili ilikuwa taa?"

"Ndiyo, Ratu. Kosa langu ni kwamba mara ya pili nilikuwa na shaka, nikanyamaza."

Chifu akalipapasa tundu la jino kwa ulimi. Wagonjwa wengine walitazama miguu yao.

"Yaqona niliwanywea wageni," alisema hatimaye. "Taa sikuinywea."

Akaingia, akakaa kitini. Vasemaca akaomba radhi, maana kichwa cha chifu hakiguswi hivihivi, akakilaza nyuma. Alipomaliza kujaza dawa, alimpa Dokta ile taa ya plasta amshikie.

"Sekunde arobaini," alimwambia. "Na usiiondoe mpaka niseme."