Nguzo ya Njia ya Teodori

...na upepo nao unaivuta kutoka upande wa pili, mimi nimeikumbatia upande huu kwa mikono miwili kama nilivyoagizwa, shikilia hivyohivyo mama, usiitikise mpaka zege likaze, kasema Asnath, mtendaji wetu wa mtaa, binti mdogo tu lakini serikali yote imo mdomoni mwake, na fundi Shedrack kaondoka na toroli kwenda kuongeza kokoto, narudi sasa hivi mama, ile sasa hivi ya mafundi tunaijua, kwa hiyo nimebaki mimi na nguzo ya chuma, chuma cha baridi, Julai hii ya kwetu Sumbawanga ambayo jua linawaka na meno yanagongana, vidole vimekufa ganzi, sijui kama nimeshika au nimeegemea tu, na juu ya kichwa changu kuna kibao cha bluu chenye herufi nyeupe, siwezi kukisoma nikiwa chini yake lakini sina haja ya kukisoma, Njia ya Teodori, jina la mume wangu, tulimzika kabla ya Pasaka, na Asnath kanipiga picha kwa simu yake, mjane na nguzo ya mumewe, inapendeza mama, kasema, nikaitikia asante, kwa sababu mdomo wangu unajua kuitikia wenyewe siku hizi... Sihisi kitu. Hata kaburini sikuhisi kitu, Monika jirani yangu alinibana mkono akaninong'oneza lia mwenzangu, watu wanatuangalia, nikajitahidi, nikawakumbuka wafu wote ninaowajua mmoja mmoja, machozi hayakuja, wakasema ni mshtuko, maskini, walipendana sana hawa. Acha waseme. Asnath sasa anaongea na simu, kageukia ukuta wangu kuukimbia upepo, ndiyo bosi... hapana bosi, namba za milango huku tumemaliza, tumebakiza nguzo... ndiyo, hii ya kwanza leo leo... na ni kweli namba zimekwisha, yangu ni tisa, kibao kidogo juu ya mlango, ya Monika ng'ambo ya njia ni kumi, Asnath alitufafanulia mkutanoni kwamba ukitoka barabara kubwa mkono wa kushoto ni namba witiri na wa kulia ni shufwa, tisa huku, kumi kule, ili hata mtu asiyemjua mtu yeyote hapa afike mlangoni bila kuuliza, mzee mmoja kule nyuma akauliza sasa mtu asiyemjua mtu yeyote anakuja kufanya nini, watu wakacheka, nadhani na mimi nilicheka, zamani ilitosha kusema shuka kisimani, uliza kwa Mama Salome, basi, hata mbwa wangekuelekeza. Mama Salome ndiye mimi. Ndiye niliyekuwa... zege linachelewa baridi hii, nalitazama miguuni pangu, limelowa, lina rangi ya uji, na pembeni ya shimo kuna kipande cha sakafu nyekundu ambacho Shedrack alikitoa kwa sururu akakitupa kando, kumbe palikuwa na nyumba hapa mama, kasema, nikasema ndiyo, kwani ningesema nini, palikuwa na nyumba, chumba kimoja cha uani, mlango wa mbao, dirisha la kupitisha kichwa, sakafu ya saruji nyekundu niliyoipiga msasa na nta mimi mwenyewe kila Jumamosi, chumba cha mwanangu. Nimesimama kilipokuwa kitanda chake. Hilo nalijua na sihisi kitu.

Mimi sikuwepo, nilikuwa bondeni Milepa kumsaidia dada yangu kuvuna, niliporudi na gunia langu nikakuta uani peupe, nikadhani nimepotea nyumba, rundo la tofali, mabati yamepangwa vizuri chini ya mti, na Teodori kakaa kwenye kigoda ananoa jembe, hakuinua kichwa, akasema binti yako ana mimba, nimemtoa, na nimekivunja chumba asije akajidanganya kwamba ana pa kurudi, na jina lake lisitajwe tena humu ndani. Alisema taratibu kabisa, hakuwa mtu wa kelele Teodori, watu walimpenda kwa hilo, msibani walisema marehemu hajawahi kuinua sauti, kweli, hakuwahi, jioni ileile alizunguka kwa majirani nyumba kwa nyumba, na adabu zake zote, akabisha hodi, akakaa, akawaambia kuanzia leo mke wangu ni Mama Calvin, Calvin ni mdogo wake Salome, sasa anafundisha Mpanda, na kesho yake kisimani wote waliniita Mama Calvin, habari za asubuhi Mama Calvin, hata Monika, aliangalia ndoo yake lakini alisema, siwalaumu, kila mtu ana paa lake la kulinda. Nikaitikia. Mtu huzoea. Ukinyamaza jina muda mrefu linashuka, halikai tena kwenye ulimi, linakaa hapa chini ya mbavu, hata tulipoanza kusemezana kwa simu kwa siri nilimwita mwanangu tu, mwanangu hujambo, mwanangu umekula, Salome huko Tunduma hakuuliza kwa nini simwiti jina, alijua... hapana bosi, hiyo ilirudiwa, anasema Asnath ukutani, Kisimani lipo tayari kata ileile, mfumo ukakataa... na hilo nalo ni kweli, jina la Kisimani alilitoa Monika, kila mtu akaliafiki, lingekuwa Njia ya Kisimani na leo ningekuwa ndani nachambua maharage, lakini Asnath akabonyeza simu yake, akasema kuna Kisimani nyingine, jina halirudiwi ndani ya kata moja, tafuteni jingine, kila mtu akatafuta, vijana wakataja majina ya wacheza mpira, wenzetu wa njia ya juu waliliwahi Amani, wao wanaoshitakiana mipaka kila mwaka, ndipo mwenyekiti akasimama, mzee Kashinje, akavua kofia, akasema ndugu zangu, njia hii tunayopita wote na bajaji zetu, isingekuwepo bila marehemu Teodori, zamani iliishia kwenye ua wake, mgonjwa alibebwa mgongoni kuzunguka mtoni, marehemu akavunja chumba chake mwenyewe, kwa mkono wake, akatoa eneo lake bila kumdai mtu fidia. Watu wakaguna kwa heshima. Na hakusema uongo, Kashinje, aliyoyaona ndiyo hayo, aliona ukuta ukianguka, ua ukifunguka, watoto wa shule wakianza kukatiza, kisha baiskeli, kisha bajaji ya kwanza, akaja nyumbani kushukuru kwa niaba ya mtaa, na Teodori akazipokea zile shukrani, nilikuwa namimina chai, nilimwona, alisogeza kikombe, kisha akasema mtu huishi kwa ajili ya watu, mzee. Nikamimina chai. Sukari nikaweka... halafu pale mkutanoni Kashinje akanyoosha mkono, mjane wake tunaye hapa, nyuso zote zikageuka, na mikono yangu ikajikunja yenyewe, magoti yakashuka yenyewe, nikapiga makofi yale yetu ya Kifipa, ya viganja vilivyobonyea, ya polepole, kwa sababu mama yangu alinifundisha mkubwa akikutaja mbele za watu unashuka na kupiga makofi, hata kama anakutaja kukuambia nyumba yako imeungua, ni heshima tu, haina ndiyo wala hapana ndani yake, lakini Kashinje ni Msukuma, ng'ombe ndio waliomleta huku, akaona mjane anashukuru kwa magoti, akasema basi ndugu zangu, mwenyewe ameafiki, wote wakapiga makofi, Wafipa wenzangu walijua, niliona macho yao, lakini nani amsahihishe mwenyekiti mbele ya mtendaji, na mimi nilikuwa bado chini, na Asnath akaandika. Nguzo kwa kawaida husimama kule mwanzo wa njia, kwenye barabara kubwa, ile ya huko watasimika kesho, hii ya leo mwenyekiti ndiye aliyeitaka hapahapa, pale alipovunja, kasema, ndipo penyewe.

Shedrack harudi. Asnath kamaliza na bosi, sasa anaongea na mtu mwingine, anacheka, poa bwana, tutaonana... na Kashinje yule kule chini anapanda njia, polepole, kila mlango anasimama, shikamoo mwenyekiti, marahaba, anakuja kuikagua nguzo na kusema maneno mawili, naye ni mtu mwema, hilo ndilo linalonichosha, wote ni watu wema... jana Salome alipiga. Alisema mama, Jumamosi nakuja, nakuja na Mariana, anauliza bibi ana sura gani, nikakaa kitandani na simu sikioni, nikasema njoo mwanangu, nikasikia magari ya Tunduma nyuma yake, akasema lakini mama niambie ukweli, pale si kwake tena? maana nilijiapia, sitakanyaga kwa yule mzee, hata awe amekufa, na wewe unanijua. Namjua. Ana kichwa cha baba yake, akisema hapana ni hapana, akitoka haangalii nyuma. Nikamwambia si kwake tena, ni kwangu, njoo. Akasema basi nielekeze, mji umebadilika, nikasema nitakuelekeza, nikakata, na sijamwelekeza, kwa sababu nitamwelekezaje, atashuka stendi kamshika mtoto mkono, ataita bajaji, kijana wa bajaji siku hizi haulizi tena kwa nani, anauliza njia gani dada, na mwanangu ili afike kwa mama yake itabidi alitaje jina la aliyemfukuza, alitaje kwa kinywa chake, mbele ya mtoto wake, Njia ya Teodori namba tisa, na kijana atasema ah, napajua, na akifika pembe hii atainua macho. Atageuza. Hatalia wala hatagomba, atamwambia kijana wa bajaji turudi stendi, na mimi nitakuwa ndani nimeweka maji ya ugali jikoni, nasikia bajaji inakuja, nasikia bajaji inaondoka... jina lake miaka yote hii halikusemwa ndani ya nyumba ile, na jina la yule litasemwa na kila mwenye kuleta mkaa, kila mwenye kuuliza njia, litaandikwa kwenye kadi yangu ya kliniki, litasomwa na watu wasiomjua, watasema alikuwa mtu mkubwa, alifanya nini, alitoa chumba chake. Chumba chake. Hakikuwa chake. Nta niliipiga mimi, pazia nilishona mimi, kitanda kilikuwa cha Salome tangu darasa la tatu, yeye hakuwahi hata kuingia... aa, kidole. Kidole kimeuma, halafu kingine, yote, damu inarudi au nini, imekaa kwenye vifundo kama miiba, nimekaza mikono kwenye chuma hiki bila kujua, naona ngozi imekuwa nyeupe, na taya nimezikaza, na kifua kinapanda, nilidhani ni baridi, si baridi, nina hasira. Nina hasira. Kumbe ndiyo hii, kumbe ilikuwepo, kaburini nilikuwa natafuta machozi na kilichokuwepo kilikuwa hiki. Ningeweza kuiachia. Sasa hivi, zege bichi, upepo ungemaliza kazi, ingeanguka kwenye ua wa Monika na wangesema maskini mama wa watu, majonzi, baridi, utu uzima, mpelekeni ndani, na Shedrack angekuja na kokoto zake akaisimika upya, na mimi ningeitikia asante. Nimeshaitikia vya kutosha. Hapana, isianguke, inyooke, nguzo haijamkosea mtu, kibao ndicho kimefungwa kwa bolti mbili na nilimwona Shedrack akizikaza, kilichokazwa kwa spana hufunguliwa kwa spana, nitamwambia Kashinje nikiwa nimeishika hivihivi, nimesimama, bila kupiga magoti, bila makofi, nitamwambia mwenyekiti siku ile sikuafiki, nilikupa heshima tu, na kabla hawajaandika chochote kingine nitamwambia hiki chumba kilivunjwa kwa ajili ya nani... sauti yangu itatetemeka, na itetemeke... yuko mlangoni kwa Monika sasa, anapokea kikombe, hana haraka, na Asnath anatia simu mfukoni, anakuja, anafumba jicho moja kutazama nguzo kutoka chini mpaka juu, haya, imenyooka Mama Calvin? na mdomo wangu ule unaoitikia wenyewe unafunguka, ndiyo iko pale mbele ya meno, naimeza, inashuka vibaya, nasema, Mama Salome. Nani mama? Mimi, nasema, mimi ni Mama Salome, na hapo uliposimama palikuwa mlango wa chumba chake. Asnath anatazama miguuni pake, anarudi nyuma hatua moja, na mimi bado nimeishika, upepo bado unavuta, namngoja mwenyekiti amalize chai yake afike nimwambie na yeye.