Cheche Nyonge

Kazini walimwita Mama Radi, na jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kufyatua leza ndani ya gesi, gesi igeuke plazma, yaani gesi iliyovunjika na kuachia elektroni zake, na plazma izisukume elektroni mpaka zipate kasi ambayo mashine nyingine huitafuta kwenye handaki refu. Yeye aliitaka katika nafasi isiyozidi upana wa ukucha. Wenzake walicheka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama ujana wake wote.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Asipopata mwale safi wa elektroni kabla ya jioni, leza inakabidhiwa kundi jingine na utafiti wake unafungwa.

Fundi wa leza, mdogo wa mumewe, alifyatua tena. Kwenye skrini plazma iliwaka cheche ya buluu. Skrini ya pili, inayoonyesha zinapotua elektroni, ilibaki na ukungu tu.

"Shemeji, cheche imenona hiyo!"

"Imenona, lakini haizai."

Mama Radi akaitazama cheche, kisha ukungu. Miaka yote waliirekebisha mashine kwa kufuata uzuri wa cheche. Ikififia kidogo, gesi inaongezwa, na huenda ni gesi hiyo iliyozitawanya elektroni. Na aliyewafundisha hivyo ni yeye mwenyewe! Aliona haya mpaka masikio yakamuwaka.

"Punguza gesi. Iwe nusu."

"Nusu? Si hatutaona kitu!"

"Kwani tunatafuta elektroni au fataki?"

Shemeji aliguna, akapunguza, akafyatua. Cheche ilitoka nyonge, ya kutia huruma. Lakini kwenye skrini ya pili palikuwa na nukta moja, ndogo, kali: elektroni zimetua pamoja.

Shemeji alidaka simu ampigie mkurugenzi.

"Weka chini," Mama Radi alisema. "Moja ni bahati. Piga tena."

Nukta ikatua palepale. Wakapiga tena, palepale. Hapo akakaa sakafuni akalia bila kujificha.

"Sasa mwite."

Mkurugenzi aliingia na koti lake, akatazama cheche kwanza, kama walivyozoea wote. "Mbona imefifia hivi?"

Mama Radi alimgeuza mabega taratibu, akamwelekeza kwenye skrini ya pili, na shemeji akafyatua.

Mkurugenzi alikodoa macho. Akavua koti, akavuta kiti.

"Lile kundi lingine," alisema bila kubandua macho kwenye skrini, "waambieni wasubiri. Haya, piga tena."